Matokeo ya Utafiti Yarudi kwa Wenyewe

Asubuhi moja, katika kituo cha kupimia majani chai karibu na nyumbani kwangu hapa Kimulot, alifika kijana wa chuo kikuu akiwa na mkoba uliojaa karatasi. Alikuwa na adabu njema. Aliwaamkia wazee na akina mama, kisha akaniomba mimi, kwa kuwa ni mwalimu, niwafasirie wakulima hojaji yake iliyoandikwa kwa Kiingereza. Alitaka maoni yao kuhusu mashine za kuchuma chai na jinsi zilivyoathiri ajira. Kila swali lilikuwa na majibu matano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "napinga kabisa", na mhojiwa alitakiwa kuchagua moja tu.

Jirani yangu, mama ambaye binti yake aliachishwa kazi katika shamba moja kubwa baada ya mashine kuletwa, alivumilia maswali tisa. Lilipofika la kumi, alinigeukia akasema: "Mwalimu, mwambie huyu mwanangu aandike namba yoyote aipendayo. Lakini kwanza anieleze, wale waliotangulia kuja hapa walituletea nini?" Kijana aliinamisha kichwa. Mimi pia, niliyekuwa nimewafasiria watafiti kadhaa kabla yake, sikuwa na la kujibu.

Swali la mama huyo halikuwa la utovu wa adabu. Ni swali ambalo vyuo vikuu vyetu vinapaswa kulijibu, na ambalo sisi walimu na wanafunzi tuna wajibu wa kulirudia hadi lijibiwe.

Hebu tuitazame safari ya jani la chai. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi lake. Karani hupima mzigo, huandika kilo, na mkulima huondoka na risiti yake. Majani hupelekwa kiwandani siku iyo hiyo, maana yakilala huharibika. Takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, nayo chai hiyo huteremshwa hadi mnadani Mombasa. Mwisho wa mwezi mkulima hupata malipo, na mara moja kwa mwaka hupata bonasi. Huenda bonasi hiyo ikawa ndogo, na wakulima wameinung'unikia mara nyingi. Hata hivyo, manung'uniko yao yana ushahidi wa karatasi.

Maarifa ya mkulima yuyo huyo huchumwa kwa namna nyingine kabisa. Hayapimwi wala hayaandikiwi risiti. Hupelekwa mjini, yakasindikwa kuwa tasnifu, na tasnifu ikampatia mwenyewe shahada. Baadaye huzaa makala katika jarida la kitaaluma, na makala hiyo ikampandisha mhadhiri cheo. Bonasi hairudi Kimulot.

Wala hali hii haikuanza jana. Wakipsigis ni miongoni mwa jamii za Kenya zilizotafitiwa mapema. Kitabu cha J. G. Peristiany kuhusu taasisi za jamii hii kilichapishwa mwaka 1939. Kile cha Ian Orchardson, aliyeishi miaka mingi Kericho, kilitolewa mwaka 1961. Katika miaka ya sabini, Sara Harkness na Charles Super waliishi katika kijiji cha Kokwet wakichunguza namna wazazi wa Kikipsigis wanavyowalea watoto, na kazi yao ilichangia pakubwa elimu ya malezi ulimwenguni. Hizo ni kazi za thamani. Lakini ni walimu wangapi wa shule za msingi katika Konoin waliowahi kusikia kwamba malezi ya kwetu yanafundishwa vyuoni ng'ambo? Mtu anayetaka kuzisoma kazi hizo hana budi kujua Kiingereza cha wataalamu na kuwa karibu na maktaba kubwa.

Sisemi kwamba utafiti wa sayansi ya jamii hauna faida. La hasha! Ushahidi wa faida yake upo, na mwingine umetoka papa hapa katika nchi ya chai. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, walichapisha uchunguzi kuhusu wachumaji chai wa Kericho waliokuwa na Ukimwi. Walichukua rekodi za kila siku za kilo zilizochumwa, wakaonyesha kwamba kilo za mgonjwa zilianza kupungua muda mrefu kabla hajafariki au kuacha kazi. Mwaka 2008 yakatolewa matokeo kuhusu kazi ya wachumaji waliokuwa wameanza kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi. Huo ni utafiti uliozungumza kwa kilo, lugha ambayo mchumaji na meneja wake wanaifahamu sawasawa.

Tutoke Kericho twende Busia. Mwaka 1998 wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel walianza kuchunguza matokeo ya kuwapa wanafunzi dawa za minyoo katika shule 75 za msingi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, walionyesha kwamba utoro katika shule zilizopewa dawa ulipungua kwa robo. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa hizo. Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliotuzwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Wataalamu wengine wamezipinga baadhi ya hesabu zao, na mabishano hayo ni sehemu ya elimu. La msingi ni kwamba swali lao lilikuwa dogo na wazi, lilihusu watoto walio mbele ya macho ya mwalimu, na jibu lilifikishwa kwa mwenye uwezo wa kutenda.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2011 kituo cha utafiti cha SOMO cha Uholanzi kilitoa ripoti kuhusu hali ya wafanyakazi katika mashamba ya chai, Kericho ikiwemo. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni malalamiko ya dhuluma za kimapenzi dhidi ya wanawake. Ripoti hiyo ilisomwa na wachache. Mnamo Februari 2023, shirika la BBC lilionyesha filamu ambamo zaidi ya wanawake 70 walisema wamedhulumiwa na wasimamizi wao katika mashamba ya Kericho. Nchi ikatikisika. Mameneja wakasimamishwa kazi, na Bunge la Taifa likaagiza uchunguzi.

Baina ya ripoti ile na filamu hii ilipita takriban miaka kumi na miwili. Najiuliza ni wasichana wangapi walioingia mashambani humo katika muda huo, wakikutana na jambo ambalo tayari lilikuwa limeandikwa. Ukweli ulikuwa umekwisha kupatikana; kilichokosekana ni kuufikisha mahali ambapo ungesikika na kuogopwa. Mtafiti anayedhani kwamba kazi yake humalizika siku ya kuchapisha hana budi kuitafakari miaka hiyo.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba si kila utafiti unaweza kuleta manufaa ya papo hapo, na kwamba mwanachuoni akilazimishwa kuwafurahisha wananchi atageuka mpiga domo wa kisiasa. Hoja hiyo ina uzito. Peristiany hakuandika ili atengeneze barabara ya Kimulot, na wala sidai angefanya hivyo. Kurudisha matokeo si kuwafurahisha watu. Wakati mwingine matokeo yatatuaibisha sisi wenyewe, kwa mfano yakionyesha jinsi bonasi ya chai inavyotumiwa nyumbani na ni nani anayeiamua. Na yatuaibishe, lakini tuyasikie.

Wengine watasema kwamba kuyatangaza matokeo kijijini kunaweza kumhatarisha aliyehojiwa. Hili nalo ni kweli. Mchumaji aliyemlalamikia msimamizi wake hapaswi kutambulika barazani. Kwa hiyo mtafiti arudishe picha ya jumla, majina yafichwe, na mambo mazito yapelekwe kwanza kwa wahusika faraghani. Tahadhari ni jambo la kupangwa mapema, isiwe kisingizio cha kunyamaza.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, swali la utafiti lianzie kwa watu. Majirani zetu wa Tanzania walituonyesha njia zamani. Katika miaka ya sabini, mradi ulioitwa Jipemoyo, ambao Marja-Liisa Swantz alikuwa miongoni mwa viongozi wake, uliwashirikisha wanavijiji wa magharibi mwa Bagamoyo katika kuyatafiti maisha yao wenyewe. Mwanakijiji alihesabiwa kuwa mtafiti mwenza. Yule kijana aliyetujia angekaa siku mbili kituoni kabla ya kuandika hojaji, angegundua kwamba mama yule hakuwa na haja ya kuulizwa kama anakubali au anapinga mashine. Alitaka kujua binti aliyeachishwa kazi anaweza kudai nini, kwa nani, na je, wenzake wa mashamba mengine walipata nini.

Pili, shahada isitolewe hadi matokeo yarudishwe. Leseni ya utafiti inayotolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu humtaka mtafiti aiwasilishie tume ripoti yake ya mwisho. Hilo ni jema, lakini Kimulot ni mbali na Nairobi. Kila chuo kimtake mwanafunzi aandike muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na, inapowezekana, kwa lugha ya wenyeji, kisha ausome katika baraza la mahali alipokusanyia maoni. Nakala ibaki kwa chifu na nyingine katika shule ya karibu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Si upendeleo tunaouomba.

Vyuo vilivyo karibu nasi vinaweza kuongoza. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kilianzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Vyote viko katika nchi hii ya chai. Aidha, kila kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Mara nyingi tunakwenda kwenye mikutano hiyo mikono mitupu, tukiomba barabara na daraja kwa sauti kubwa. Tungekwenda na muhtasari mkononi, wenye hesabu za watu wetu wenyewe, isingekuwa rahisi kutupuuza.

Tatu, na hapa nasema nanyi walimu wenzangu na wanafunzi wetu, daraja baina ya chuo na kijiji ni sisi. Mwalimu anaweza kuuchukua muhtasari ule akaufanya somo la ufahamu, mada ya mjadala au zoezi la hisabati. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kumsomea bibi yake jioni, kisha akaja na swali ambalo profesa hakulifikiria. Na nyinyi mlio vyuoni, ambao kesho mtabeba mikoba ya hojaji, kumbukeni kwamba anayewajibu huwa ameweka kikapu chini ili awasikilize. Muda huo angekuwa anachuma, na kilo zake hupungua.

Yule kijana hakukasirika. Kabla ya kuondoka, aliandika nambari yake ya simu nyuma ya hojaji moja akampa mama, akaahidi kurudi na matokeo. Mama aliikunja karatasi ile akaitia katika mfuko anaowekea risiti zake za chai. Bado imo humo. Sisi tunamsubiri.