Papa wa Kariobangi aende Liverpool

Makanga wa matatu za Kariobangi hushika ndovu, simba, vifaru na twiga tangu alfajiri hadi usiku. Abiria akishuka Outering Road na kudai chenji, hurudishiwa ndovu mmoja wa mbao, yaani shilingi 20. Mtoto akitumwa dukani hupewa simba wa ashu, shilingi 10. Wanyama hawa waliingia mifukoni tarehe 11 Desemba 2018, Benki Kuu ya Kenya ilipozindua sarafu mpya: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikuwa imekataza picha ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa za nchi, na nafasi ya marais ikachukuliwa na wanyamapori.

Kwa watoto wengi wa Eastlands, eneo la Nairobi ilipo Kariobangi, huyo wa kwenye sarafu ndiye simba wanayemjua kwa karibu zaidi. Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko jijini humuhumu tangu 1946, lakini nauli na kiingilio cha familia nzima ni hesabu nzito kwa mzazi anayeishi kwa kibarua. Ikiwa mtoto hawezi kumfuata mnyama, basi upo mchezo mmoja unaoweza kumpa mnyama wa kumtuma duniani na kumfuatilia hatua kwa hatua. Mchezo huo ni jiokashingi, na Kariobangi ina kila sababu ya kuuingia.

Ulianza Mei 2000. Serikali ya Marekani ilikuwa imeondoa kizuizi kilichopunguza makali ya GPS kwa raia, na mara tu baada ya hapo, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitu vidogovidogo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo kwa vipimo vya ramani. Watu wakaifuata, wakaipata. Leo visanduku vilivyofichwa kwa njia hiyo ni zaidi ya milioni 3 duniani kote, na Kenya vimo. Anayekipata huandika jina kwenye kijitabu kilichomo ndani, akirudi kwenye simu anaandika pia kwenye programu ya mchezo, kisha anakirudisha kisanduku palepale.

Ndani ya baadhi ya visanduku hivyo mna sarafu. Ya kwanza ilitengenezwa 2001 na Jon Stanley wa Marekani, na tangu hapo wachezaji wametoa sarafu za kila sura: bundi, kasa, mbwamwitu, paka, vipepeo. Kila moja imechongwa herufi na tarakimu zake, ambazo hazifanani na za sarafu nyingine yoyote. Anayeiokota huingiza namba hiyo kwenye programu, anaona imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani, kisha anaipeleka kwenye kisanduku kingine. Mwenyewe anaweza kuipa lengo. Mwenye kasa anaweza kuomba apelekwe baharini. Mwenye tembo anaweza kumwomba msafiri yeyote amsogeze kuelekea Tsavo.

Hapo ndipo sarafu hizi zinapoishinda hii ya makanga. Simba wa shilingi 10 huzunguka mji mzima bila mtu kujua alikolala jana. Simba wa mchezo ana daftari la safari, na kila aliyemshika ameacha tarehe, mahali, pengine na picha. Mwaka 2013 mwanaanga wa Marekani Rick Mastracchio alikwenda na kibati chenye namba ya aina hii hadi kituo cha kimataifa cha anga za juu, wanafunzi wakikifuatilia kutoka darasani.

Wapo wanaokusanya sarafu za mchezo na kuzifungia kabatini, na hapa pana ubishi wa haki. Aliyenunua sarafu yake ana ruhusa ya kuitunza nyumbani. Wengi hufanya hivyo na kuwaonyesha wenzao, ambao huandika namba tu na kuirudisha mikononi mwa mwenyewe. Ila sarafu ya mtu mwingine iliyookotwa kisandukuni haina ruhusa ya kulala. Nyingi hupotea kwa sababu mtu ameipenda, akaitia mfukoni, akaisahau. Huo ni wizi hata kama hakuna askari atakayeuandikia ripoti, na mtoto anayefundishwa mchezo huu afundishwe jambo hilo kabla ya kufundishwa kusoma ramani.

Afrika Mashariki haikosi wanyama wa kuwatuma. Shilingi ya kikoloni ya Afrika Mashariki ilikuwa na simba mbele ya milima. Tanzania ilipotoa sarafu zake 1966 iliweka samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20 na sungura kwenye senti 50. Baadaye wakaja kifaru, swala, simba na nyati. Uganda ina ng'ombe wa Ankole kwenye shilingi 100, samaki kwenye 200 na korongo taji kwenye 500. Wageni huzibeba sarafu hizi kama kumbukumbu. Lakini mnyama wa Kariobangi mwenyewe hayumo kwenye sarafu hizo, naye ni papa.

Mtaa usio na bahari ulijichagulia papa 2000, ilipoanzishwa klabu ya Kariobangi Sharks. Januari 2019 vijana hao walitwaa kombe la SportPesa jijini Dar es Salaam, na tarehe 7 Julai mwaka huohuo wakaikaribisha Everton ya Uingereza uwanjani Kasarani. Mechi iliisha 1-1, Sharks wakashinda 4-3 kwa penalti. Papa wa chuma aliyeandikiwa lengo la kufika Liverpool, nyumbani kwa Everton, angepata wabebaji wengi wa kujitolea.

Na chuma chenyewe hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Kariobangi Light Industries wapo mafundi wanaoyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria na vipuri. Kazi yao ingetosha kabisa kwa papa mdogo: kielelezo cha mbao kinakandamizwa kwenye mchanga wenye unyevu uliopigwa ukashikana, kinatolewa taratibu ili kuta zisibomoke, kisha alumini iliyoiva, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, inamiminwa kwenye tundu. Ikipoa, fundi anavunja mchanga, anakata kishina kilichobaki mahali pa kumiminia, anapitisha tupa kwenye mapezi na msasa tumboni, mwisho anatoboa tundu dogo la mnyororo.

Namba ya kufuatilia huuzwa na wenye mchezo huko Seattle, na si lazima kuagiza sarafu nzima. Kuna kibati chenye namba tayari, huuzwa viwili viwili: kimoja hufungwa kwenye kitu kinachosafiri, cha pili hubaki na mwenyewe. Kibati hicho kikifungwa kwenye papa wa Light Industries, papa ameiva kwa safari. Ila sarafu ya Benki Kuu isitobolewe wala kuyeyushwa kwa shughuli hii.

Pingamizi kubwa ni usalama, na lina uzito. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, hakuna Mnairobi anayefurahia kuona mtu akichomeka kisanduku chini ya benchi na kuondoka. Tena Kariobangi kopo la chuma likiachwa nje halimalizi siku moja kabla ya kufika kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu. Kwa hiyo kisanduku cha Eastlands kisifichwe barabarani. Kiwekwe ndani, mahali penye mlinzi na ruhusa ya maandishi, kiandikwe wazi ni cha nini. Kanuni za mchezo zenyewe zinadai ruhusa ya mwenye mahali, na katika nchi nyingi visanduku vimewekwa maktabani, kati ya rafu za vitabu. Maktaba za kaunti za Makadara na Kaloleni ziko Eastlands hiihii, na watoto wamezizoea.

Wengine watasema ni mchezo wa wageni wenye pesa. Akaunti ya kawaida ni ya bure, na simu moja ya mwalimu yenye GPS inatosha darasa zima. Kinachokosekana ni mtu wa kuanza. Basi mwalimu wa jiografia wa shule yoyote ya Kariobangi awapeleke wanafunzi wake Light Industries muhula ujao, waelewane na fundi bei ya papa mmoja, wanunue kibati kimoja, kisha waombe nafasi ya kisanduku kwa mkutubi wa Makadara. Kaunti ya Nairobi nayo iitoe ruhusa hiyo bila kuwazungusha.