Batra: Bingwa aliyelishtaki shirikisho lake

MANIKA Batra alipotwaa dhahabu ya tenisi ya mezani, mchezaji mmoja kwa mmoja, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018 mjini Gold Coast, alikuwa mwanamke wa kwanza wa India kufanya hivyo.

Hata hivyo, sifa hiyo haikumkinga. Mwaka wa 2021 shirikisho la mchezo huo nchini mwake lilimwacha nje ya kikosi cha kuwania ubingwa wa Asia, kwa kutohudhuria kambi ya mazoezi.

Batra hakunyamaza, alikimbilia Mahakama Kuu ya Delhi, ambayo Februari 2022 ilisimamisha kamati kuu ya shirikisho hilo na kuteua wasimamizi.

Novemba mwaka huo huo, alinyakua shaba ya Kombe la Asia jijini Bangkok. Ni dhahiri kwamba aliyepaswa kurekebishwa hakuwa mchezaji.