Kabla hujapakia katoni ya roboti, tazama mgongo wake

Mwisho wa mwaka jana jirani yangu hapa Buyenzi alimnunulia mwanawe wa miaka miwili roboti ya kuchezea. Ilitembea, ikawaka macho, ikaimba. Siku ya tatu rimoti yake ilikutwa mkekani, kifuniko kimefunguka, betri haimo, na mtoto anakohoa. Tulikodi teksi usiku huohuo hadi hospitali, akapigwa picha ya eksirei. Hakuwa ameimeza. Asubuhi betri iliokotwa chini ya kabati. Tulicheka, lakini kicheko cha walionusurika.

Betri yenyewe ni ile bapa ya mviringo, mfano wa sarafu. Ikikwama kooni, unyevu wa mwili hupitisha umeme kati ya pande zake na nyama huanza kuungua. Saa 2 zinatosha kuleta jeraha baya, pengine la kuua. Hata ile iliyochoka, isiyoweza tena kuendesha kichezeo, huunguza. Mtoto aliyeimeza asitapishwe; akimbizwe hospitali.

Nawaambia haya ninyi wafanyabiashara wenzangu kwa sababu mzazi wa Bujumbura hachagui roboti. Anachukua iliyopo mezani. Aliyechagua ni wewe, siku ile uliposimama Kariakoo mbele ya katoni ukipiga hesabu ya dazeni. Na akina mama wa Uvira wanaovuka Gatumba kuja kununua kwetu, nao wanabeba chaguo lako hilohilo.

Najua jibu lenu: bei. Faranga imepungua nguvu, nauli imepanda, na roboti ya bei ndogo ndiyo inayokwenda haraka. Ni kweli. Lakini kukagua hakuna gharama. Mwombe muuzaji afungue boksi moja mbele yako. Tazama mgongo wa roboti, kisha rimoti: kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu. Kikifunguka kwa ukucha wako, kitafunguka kwa wa mtoto. Vuta macho, vidole na magurudumu. Kinachong'oka dukani kitang'oka nyumbani, na kitaishia mdomoni. Tafuta kwenye boksi duara lenye uso wa mtoto na mstari uliokata juu yake, pameandikwa 0-3. Maana yake haimfai mtoto wa chini ya miaka 3, na mnunuzi aambiwe hivyo. Ukiweza, chagua inayotumia betri za kawaida za redio, zinazopatikana kila duka la mtaani. Roboti inayotaka betri adimu hufa baada ya wiki, na mteja hukumbuka alinunua kwa nani.

Kuna jambo la pili, la mpakani. Wengine wanadhani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, kinafunika kila kitu kinachotoka Tanzania. Sivyo. Kinahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Roboti iliyotoka China haipati uasili wa Tanzania kwa kulala usiku mmoja Kariakoo. Hapo ndipo mtu hushawishika kukwepa Kobero na kushika njia ya panya. Akipita huko, hakwepi ushuru peke yake. Anaikwepa pia nafasi ya mwisho ya mzigo kukaguliwa kabla haujafika kwa mtoto.

Serikali zetu nazo zina deni. Wakaguzi wa viwango wasingoje mzigo ufike sokoni ndipo wauchome. Wabandike pale Kobero, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, picha ya roboti inayokubalika na isiyokubalika. Mfanyabiashara aliyeonyeshwa mapema hapotezi mtaji wake.

Mwenzangu, sikukatazi kuuza roboti. Watoto wetu wanaotengeneza magari kwa waya na makopo wanastahili kuona mashine inayotembea, waifungue siku moja na kujiuliza inafanyaje kazi. Nakuomba jambo dogo tu: safari ijayo, kabla hujasema "nifungie dazeni tano", shika moja mkononi ujiulize kama ungemwachia mwanao alale nayo. Kama jibu ni hapana, irudishe rafuni.