Mapigo Yasiyo Sadaka

Msomaji wetu mmoja, dada wa mtaa wa Fedha, Nairobi, ametuandikia juu ya jambo ambalo hatukutarajia kulikuta katika safu hii: gofu. Yeye na mashoga zake watatu wamekusudia kuteremka pwani kwa treni kutoka Syokimau, waje kucheza Vipingo Ridge, Kilifi, katika uwanja uliobuniwa na David Jones, yule aliyetwaa Kenya Open mwaka 1989. Mmoja wao ana hendikapu ya 10. Mwingine, aliyeanza mwaka jana, ana 40. Huyu wa 40 amekwisha kusema haji. Aona atawachelewesha wenzake, na hataki mapigo ya kuonewa huruma. Dada yetu achelea kwamba urafiki wa tangu shuleni utaishia hapo.

Tuanze na hiyo huruma, maana ndipo penye fundo. Hendikapu si hisani. Ni mapigo anayopunguziwa mchezaji kwa kadiri ya uwezo wake, na kwa kanuni za dunia nzima zilizoanza mwaka 2020 yaweza kufikia 54. Tena kila uwanja uliopimwa una nambari ya ugumu wake: wa wastani ni 113, na mgumu kabisa ni 155. Tuseme uwanja ni wa 130. Hendikapu huzidishwa kwa 130, kisha ikagawanywa kwa 113. Yule wa 10 atapata kama 12. Yule wa 40 atapata 46. (Yako marekebisho mengine madogo, tunayaacha.) Uwanja ukizidi ugumu, anayeongezewa zaidi ni mnyonge, kwa sababu upepo na mashimo ya mchanga humtesa yeye kuliko fundi. Mapigo hayo ni haki yake, wala hana wa kumshukuru.

Ama kuchelewesha, daktari Mwingereza Frank Stableford alikwisha kulitafutia dawa. Mashindano ya kwanza ya mtindo wake yalichezwa Wallasey mwaka 1932. Kila shimo lina alama zake. Mchezaji akilimaliza kwa kiwango chake, baada ya kupunguziwa, apata 2. Akizidisha pigo moja, 1. Akizidisha mawili, hana kitu. Hapo huokota mpira, akafuatana na wenzake hadi shimo la pili yake.

Fundi naye asifundishe asipoombwa. Twajua, na waume zetu watusamehe, jinsi shauri la namna hiyo linavyokera mtu akiwa nyuma ya usukani.

Barua yasema pia kwamba watachanga shilingi mia tano kila mmoja, mshindi azoe zote. Hiyo ni kamari. Fedha hizo na zilipie chakula cha jioni cha wote wanne.

Mashimo 18 hula saa nne na zaidi. Wakianza mapema, Adhuhuri itawakuta wamemaliza. Na kadi ya alama aishike yule wa 40, ajionee jinsi wa 10 naye anavyoandikiwa sifuri.