Magavana Tumewang'oa, Bajeti Je?

Wakazi wenzetu wa Meru na Embu,

Katika somo la kumtimua gavana, sisi ni wazoefu. Embu ndiyo iliyotangulia. Februari 2014, Martin Wambora akawa gavana wa kwanza nchini kuondolewa na Seneti, kwa hoja zilizohusu zabuni za mbegu za mahindi na ukarabati wa uwanja wa michezo. Aprili korti ikabatilisha, MCA (wawakilishi wa wadi) wakapiga kura ya kumwondoa tena, akakimbilia korti tena, na mwaka 2017 wapiga kura wakamchagua upya. Meru nayo ilimpeleka gavana wake wa wakati huo, Kawira Mwangaza, Seneti mara tatu. Hoja ya Desemba 2022 na ile ya Oktoba 2023 zilianguka. Ya Agosti 2024 ikapita, na Mahakama Kuu ikaithibitisha Machi 2025.

Hatusemi kwamba hoja hizo hazikuwa na msingi. Lakini sisi wananchi tulizifuata kama mechi, huyu upande wa gavana, yule upande wa MCA, steji za boda boda zikagawanyika. Wachache sana waliuliza swali dogo: bunge la kaunti linalomshtaki gavana kwa matumizi mabaya ya pesa, si ndilo lililopitisha bajeti ya pesa hizo?

Kwenye vikao vya bajeti ndipo tunapowaomba mwende. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kuendesha shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Tarehe zinajulikana: mwelekeo wa bajeti hufikishwa bungeni kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kufikia Juni 30. Kujitokeza Julai ni kufika sokoni wachuuzi wakifunga mizigo.

Tunajua vikao vyenyewe vilivyo. Tangazo hutoka kwa kuchelewa, ukumbi uko mbali, na mtu wa Mutuati au Ishiara hulipa nauli ili asomewe tarakimu ambazo hajapewa karatasi yake. Wengine, tukubali, huja kwa ajili ya soda. Ndiyo maana asiende mtu mmoja mmoja. Meru ina wadi 45, Embu 20, na kila wadi ina vyama vyake, viwe vya akina mama, wakulima wa chai, miraa au maziwa, au wanaboda boda. Kila kundi litoe watu wawili. Waombe stakabadhi mapema, kwa barua: Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinawapa haki hiyo, na ofisi husika ina siku 21 za kujibu. Maoni yaandikwe, yataje barabara na zahanati kwa jina, na nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri. Bila muhuri, mtaambiwa hamkuwahi kufika.

Bajeti ikishapita, isomeni mkilinganisha na barua yenu. Maoni yakipuuzwa bila sababu, pelekeni ombi rasmi bungeni. Sheria ya serikali za kaunti inaruhusu mkazi yeyote kufanya hivyo. Msingoje wazee wa baraza la Njuri Ncheke waitwe kupatanisha wakubwa waliokosana.

Wiki hii, kabla ya jambo lingine lolote, kila kikundi kiitishe mkutano, kichague wawili wake na kuandika barua ya kwanza kwa karani wa bunge. Swali liwe moja tu: zahanati ya kwetu imetengewa shilingi ngapi?