Mbwa wa Nusu Siku

Mtoto akiumwa na mbwa Mabatini au Igogo, hapa Mwanza, swali la kwanza huwa ni mbwa wa nani. Majirani wanamjua fika. Wanajua anaitwa Simba, wanajua analala mlangoni kwa nani, na wengi wamewahi kumkwepa wakirudi usiku. Siku hiyo, hata hivyo, hana mwenyewe. Aliyekuwa akijisifu kwamba kibaka hathubutu kukanyaga kwake, sasa anasema yule ni mbwa koko tu, alizoea makombo.

Anayetaka kupima kama kufuga mbwa au paka kuna maana katika jiji kama Mwanza, aanzie hapo. Wengi huanzia kwingine: kwamba mnyama asiyeliwa wala kukamuliwa ni anasa ya Wazungu na matajiri wa Capri Point. Hoja hiyo ni nyepesi. Pale Bujora, Kisesa, wacheza ngoma wa Kisukuma huingia uwanjani na chatu shingoni, na Wayeye walijipatia heshima yao kwa kukamata nyoka, kuwatunza na kuwatibu walioumwa nao. Nyoka hatoi maziwa.

Hoja ya chakula ina uzito zaidi. Mbwa wa kandokando ya ziwa hula dagaa waliovunjika, vichwa vya samaki na mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu ya kuuza nje. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, iliyopigwa hapa Mwanza, ilipoonyesha mapanki kama chakula cha watu, nchi nzima ilibishana. Kwa familia nyingi hicho kilikuwa kitoweo, basi. Kwa hiyo anayesema mbwa wake hula taka tu, akumbuke kuna mtu anayeinunua taka hiyo. Lakini siamini kwamba mbwa wa jirani ndiye anayemnyima mtoto samaki. Kinachomnyima ni bei, na dagaa wengi wa ziwa hili tayari huishia kwenye chakula cha kuku bila mtu kulalamika.

Paka hahitaji wakili. Mwenye ghala la mchele anajua hasara ya panya, na nyumba ya Mwislamu inayomkataa mbwa ndani humwachia paka alale mkekani.

Kesi ngumu ni ya mbwa, na Mwanza ugumu huo unatokana na mawe. Nyumba za milimani zimebanana juu ya majabali, njia ni ngazi na vichochoro, gari la polisi halipandi. Mahali kama hapo mbwa anayebweka saa nane za usiku ana thamani kubwa, na sitamcheka mjane wa Bugarika anayemtegemea. Ila jabali hilohilo halichimbiki nguzo ya uzio, na uwanja wenyewe haupo. Mbwa wa Bwiru anaishi nyuma ya geti lenye kibao cha MBWA MKALI. Wa Bugarika hushinda jalalani, hupigana na wenzake, hurudi magharibi. Ana mwenyewe nusu siku. Huyu wa nusu siku ndiye wa kuogopa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Kinga yenyewe imejaribiwa jirani na sisi. Mwaka 1994 virusi vya distempa, vilivyohusishwa na mbwa wa vijijini, viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wakaanza kuchanjwa, dhidi ya kichaa pia, na watafiti wakafuatilia kichaa hicho kwa miaka mingi. Waligundua kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na ushee. Ugonjwa unaotisha namna hii, kumbe huenea kwa kusuasua! Ndiyo maana kuchanja asilimia 70 ya mbwa kunatosha kuuzima. Pemba walichanja, ukakoma mwaka 2014. Ukaletwa tena mwaka 2016. Wakachanja tena, ukakoma mwaka 2018.

Sasa tazama tunachofanya malalamiko yakizidi: tunaitisha bunduki. Risasi haichagui. Inamuua aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mbwa wa watu, aliyezoea binadamu, pengine aliyechanjwa. Nafasi yake hujazwa na vitoto visivyochanjwa, na ile asilimia 70 inazidi kuwa mbali. Fedha ya risasi ingepewa bwana mifugo.

Tena kuna hesabu ya aliyeumwa. Anahitaji dozi kadhaa za chanjo kwa siku tofauti, na kwa mtu wa Ukerewe au Kome kila dozi inaweza kumaanisha kuvuka maji. Gharama hiyo huilipa mama wa mtoto, huku aliyelindwa usiku na mbwa yule akikana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtwisha mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Mtaani, wajibu huo unaishia siku ya kumpa jina.

Kuchoka na mnyama si tabia yetu peke yetu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya, wengine kwenye sarakasi, waliletwa kuachiwa kisiwani Rubondo, na wengine walikuwa wakali kwa watu. Wao walipata msitu. Mbwa wetu tunawapa jalala.

Hukumu yangu ni hii: kufuga kuna maana kwa anayekubali kuwa mwenyewe mchana pia. Amchanje kila mwaka, amlishe ili asiombe jalalani, amfunge watoto wanapokwenda shule, na akiuma mtu asimame mbele ya mwenyekiti wa mtaa aseme ni wangu. Asiyeweza haya anunue kufuli.

Nawe uliyeumwa leo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo hii.