Banda Lililofungwa

Wapo watu katika Bonde la Ufa, na wengi wao ni watu wema, wanaoamini kwamba motokaa za kale za jeshi zilizorithiwa na familia ni kama saa ya babu: hupanguswa vumbi, huonyeshwa mgeni wa heshima, kisha mlango ukafungwa kwa kufuli. Imani hiyo naipinga.

Tuseme banda lenyewe liko Njoro, au Rongai, au kando ya njia ya Gilgil. Ndani yake yamo malori mawili matatu, na pengine gari moja la deraya lisilo na taa. Mwenyewe atakuambia kuwa babu yake aliyanunua jeshi lilipouza mali yake baada ya 1945, akayatumia kuchukulia ngano. Haya, alinunua chuma, na mipira, na injini. Je, alinunua na habari zake pia?

Vita Vikuu vya Pili viliwachukua Waafrika wa Kenya wapatao 98,000, na Gilgil palikuwa na kambi kubwa ya askari. Majeshi yaliyotoka nchi hii yaliingia Mogadishu mwezi wa Februari 1941, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili mwaka ule ule. Mwendo huo ulizidi maili elfu, mwingi wake katika nchi kame, na lau madereva na mafundi wangalishindwa, jemadari naye angalishindwa. Mwaka wa 1944 vijana wa King's African Rifles walikuwa Bama, katika bonde la Kabaw, ambamo magari yalizama katika matope ya masika. Dereva aliyerudi kutoka huko hakurithisha lori. Alirithisha medali, labda na koti zito. Vitukuu vyake wamo madarasani leo, Bahati na Subukia, wala hawajapata kukiona chombo alichokiendesha.

Tena liko jambo zito zaidi, ambalo wenye mabanda hupenda kulipita upesi. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu maelfu kwa maelfu waliokuwa wakifanya kazi na kuishi katika mashamba ya Bonde la Ufa waliondoshwa, kwa malori na kwa garimoshi, wakarudishwa Jimbo la Kati, ambako wengine hawakuwa na hata shina la mgomba. Kwa mtoto aliyepakiwa wakati ule, lori halina sura ya ushindi. Baadhi ya watoto hao wangali hai, ni wazee waliopita miaka sabini. Wao wanaweza kusimama mbele ya lori na kusema mama aliketi upande gani, na ni nini kilichoachwa shambani. Familia iliyohifadhi lori haiwezi kuyasema hayo, hata ilipake rangi mpya kila mwaka. Basi, mlango ukifungwa, nusu ya habari hufungiwa nje.

Huambiwa kwamba vyuma vitaibwa. Hofu hiyo si ya upuuzi: mwaka wa 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu mitambo ya umma iliharibiwa. Lakini mwizi hupenda mahali pasipo macho, na banda lililosahauliwa ndilo lisilo na macho. Wengine husema ati vijana watafundishwa kupenda vita. Mwingizeni kijana mmoja katika gari la deraya saa saba za mchana, afungiwe kifuniko kwa dakika tatu tu, kisha mwulizeni kama amevipenda.

Wala mfano haukosekani kwetu. Kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitalia mwaka wa 1942, chini ya mteremko wa Mai Mahiu, ni kazi ya vita, na msafiri yeyote huweza kusimama hapo. Hapa Nakuru penyewe, nyumba ya shamba ya Bibi Selfe ilitolewa mwaka wa 1965, ikawa makumbusho ya Hyrax Hill. Wanafunzi huingia chumba alichokalia mtu. Huko Marekani, Jacques Littlefield alikusanya magari ya vita zaidi ya 200. Alipofariki mwaka wa 2009, hazina yake ilikabidhiwa shirika la hisani mwaka wa 2013. Mengi yaliuzwa, na yaliyochaguliwa yakawekwa katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka wa 2019. Sisi hatuna utajiri huo, na wala hauhitajiki kwa malori matatu.

Sitaki Serikali impokonye mtu mali yake. Nataka Jumamosi moja kila mwezi, ada ndogo ya kununulia mafuta na grisi, na daftari mlangoni ambamo kila ajaye ataandika alijualo, liwe tamu au chungu, pasipo mwenye banda kulifuta. Ninyi mnaosoma shuleni mnaweza kuanza kwa kuandika barua ya adabu kwa mwenye banda aliye karibu nanyi. Na siku ya kwanza wasitangulie wanafunzi. Waalikwe wazee, wawekewe viti kivulini, na anayetaka kuligusa lori aliguse.